Betri Iliyolala kwa Valeriani

Kwanza kilikuja kishindo, halafu baridi. Watu hudhani nitasema moto, na mimi huwaambia hapana, maji ya betri yakikupata usoni huanza kwa baridi, kama mtu aliyenawa asubuhi, na unapata nafasi ya kujiambia kwamba hujaumia. Nilikuwa nimeinama juu ya betri ya lori uani kwa Ladislaus, spana mkononi, jua la jioni bado limekaa juu ya migomba, nikilegeza nati ya waya wa bodi, ule unaoshika kwenye chuma cha gari, kama nilivyoilegeza kila siku kwa karibu mwaka mzima. Cheche ndogo iliruka, ile niliyoizoea, kwa sababu taa ya nyuma ya lori lile ilikuwa na ugonjwa wa kutozimika vizuri. Sikuwahi kuiogopa cheche ile. Siku hiyo betri nzima ilipasuka kama chungu kilichotupwa juu ya jiwe. Nakumbuka niliiweka spana chini kwa utaratibu, nikasimama. Ndipo baridi ikageuka. Nilipoanza kupiga kelele, mkono wa mwanamke ulinishika ukosi wa koti, ukaniburuta mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya mlimani unaopita kando ya nyumba za watu, ukanitumbukiza kichwa. Alikuwa Mama Yosefina, mke wa Valeriani, aliyekuja kuichukua betri. Alinishikilia humo, ananitoa nipumue, ananirudisha, anasema, "Fumbua, Prosperi. Fumbua macho ndani ya maji." Jicho la kulia nililonalo leo nilipewa na mkono ule. La kushoto lilikuwa limekwisha. Na kila nilipotolewa kupumua nilisikia sauti ya Ladislaus nyuma yangu, haina haraka, inawaamrisha watu wake: "Okoteni vipande vyote. Kila kipande. Mkatupe korongoni, visije vikaunguza ng'ombe." Mtu anapofuka mbele yako, na wewe unawaza ng'ombe. Nililisikia hilo kwa masikio mazima, na nimekaa nalo miaka yote hii.

Mwezi uliopita tulimzika Valeriani huko Kilema, ndani ya kihamba chake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nilipanda kutoka Moshi mjini, ambako kazi yangu sasa ni kuchaji betri za watu, na wateja hushangaa kumwona mtu mwenye jicho moja akifanya kazi iliyomla lile jingine. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu mtu ukila kwake mwaka mzima huwezi kukosa kumtupia udongo. Ladislaus alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, karibu na padri. Siku hizi ni mzee wa kanisa, ana fimbo, ana miwani, na watu humpisha njiani. Nilimpa shikamoo, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, naye akaipokea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Prosperi, pole na jicho." Kama vile lilipasuka juzi. Nikasema ahsante, baba. Nilikuwa sijajua bado kile ambacho ningeambiwa jikoni saa moja baadaye. Ningejua, sijui kama mkono ule ungerudi kwake ukiwa mzima. Ndiyo maana naandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, wala sikuandika kitu kirefu kuliko barua, lakini wanaojua wanakufa mmoja mmoja, na aliyebaki anafutiwa kiti kabla hajakaa. Nilizaliwa na nani na kulelewa wapi haihusu hapa. Nitaandika mwaka mmoja tu.

Mwaka huo vita vilikuwa vimekwisha si muda mrefu, mimi nimerudi kutoka keya, jeshi la Mwingereza, nikiwa na umri wa miaka ishirini na nne na ujuzi wa gari nilioupata Burma. Kahawa ilikuwa imeanza kupanda bei. Valeriani na Ladislaus walinunua kwa ushirika lori la Kiingereza lililotoka jeshini, la kuteremshia kahawa na ndizi Moshi na kurudi na watu. Walikuwa mashemeji, Ladislaus amemwoa dada yake Valeriani, na nadhani ndiyo sababu hawakuaminiana. Walikuwa wanajuana sana. Makubaliano yao niliyasikia mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa Valeriani, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikizunguka. Ladislaus alisema, "Lori lilale kwangu. Barabara inapita mlangoni." Kweli nyumba ya Valeriani ilikuwa juu, ndani ya migomba, gari lisingefika.

"Lilale," akasema Valeriani. Akanywa, akafuta povu. Halafu akanigeukia mimi. "Dereva, gari haliwezi kwenda bila kitu gani?"

"Petroli, baba. Na betri."

"Petroli mtu anaweza kuificha hata kwenye debe. Betri je?"

"Betri ni ghali, na ni nzito. Si rahisi mtu kuwa na ya pili."

"Na mtu akiizungusha injini kwa hendeli?"

"Bila betri atachosha mkono wake bure."

"Basi lori lilale kwako, shemeji," akamwambia Ladislaus, "na betri ilale kwangu."

Ladislaus alicheka mpaka akakohoa. "Unaniogopa, shemeji?"

"Sikuogopi. Nakujua."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikidhani ni utani wa mtu na shemeji yake. Kumbe pale pale, kwa majibu yangu, nilikuwa nimewaambia mtu anayetaka kumwibia mwenzake atahitaji nini.

Kuanzia hapo kazi yangu ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni ikawa betri. Jioni narudi kutoka Moshi, nazima lori uani kwa Ladislaus, nafungua waya wa bodi, halafu ule mwingine, natoa vyuma viwili vinavyoishikilia betri, naiinua naiweka chini. Mama Yosefina yuko pale anasubiri na ngata yake ya majani makavu ya mgomba. Ananiinamia, namtwika, anapanda nayo kijia cha migomba, shingo imenyooka kama amebeba maji. Alfajiri anateremka nayo, nami naifunga upya, nikianza na ule waya mwingine na kumaliza na wa bodi. Dereva wa mahali pengine angenicheka. Betri haikutengenezwa ili itembee kila siku juu ya kichwa cha mtu. Vifuniko vyake vilikuwa sita, na kila kimoja kilikuwa na kitundu cha kupumulia, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa hewa. Mama Yosefina alipoteleza kwenye tope, maji yaliruka kwenye vitundu vile, na kanga yake begani ikajaa matobo kama iliyoliwa na panya. Alikuwa akinionyesha. "Tazama dereva, watu watasema mume wangu hanivishi." Mimi nilikuwa nikimwambia atembee polepole. Hakuwahi kuiangusha hata siku moja.

Kwa Valeriani betri ilikuwa na chumba. Ililala chini ya kitanda chake, juu ya ubao, karibu na sanduku la nguo, na ufunguo wa chumba ulikuwa shingoni mwake pamoja na medali ya Bikira Maria. Wageni walipokuja aliwapeleka kuiona. Nilikula kule kila jioni, maana hiyo ilikuwa sehemu ya ujira wangu: mtori, au kiburu cha ndizi na maharage kilichopondwa mpaka kijiko kinasimama, na siku za sikukuu ndizi za nyama. Tulikula moto ukiwa katikati na ng'ombe wakicheua upande wa pili wa kiambaza. Nimekaa nyumba nyingi baada ya hapo, nyingine za umeme, wala sikupata tena chakula kilichonishibisha vile. Inaniuma kusema hivyo, kwa sababu sasa najua mwenye nyumba alikuwa ananitazamaje kila nilipotia mkono kwenye sahani.

Ladislaus naye alikuwa na chai. Asubuhi akinisikia nagusa bonti hutoka na blanketi begani, anasimama kando yangu, ananiuliza mambo. "Dereva, huu waya unakwenda wapi?" "Dereva, ukianza na huu kuna ubaya gani?" "Dereva, betri ikizeeka mtu anajuaje?" Mimi jeshini nilikuwa naamrishwa tu, hapakuwa na mtu aliyewahi kuniuliza kitu kama mwalimu. Nikamfundisha yote. Nilimwonyesha kutazama maji ndani, kupaka mafuta ya mgando kwenye vichwa vya betri visiote ukungu mweupe, kukaza bila kuvunja. Siku moja nilimpa spana, akafunga mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akaniambia, "Sasa ukiugua, lori halitalala." Nikafurahi. Mtu anayetaka kujua kwa nini simwamini anayeniuliza maswali mazuri, asome hapo tena.

Jumapili lori halikutembea. Betri ilipanda kwa Valeriani Jumamosi jioni, ikateremka Jumatatu. Nyumba ya Valeriani yote ilikwenda misa ya pili, pamoja na mimi. Ladislaus alisema yeye hupenda ile ya alfajiri, ina utulivu. Sasa Jumatatu moja, baada ya mvua, nilikuta tope jeusi kwenye matairi. Kwetu Kilema udongo ni mwekundu. Tope jeusi ni la tambarare, chini kabisa, kuelekea Himo, na Jumamosi nililiosha lori kwa mkono wangu. Niliingiza kijiti kwenye tangi. Petroli ilikuwa imeshuka vidole vitatu. Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Valeriani, kwa kuwa nilijiona mwaminifu. Alikuwa akipunguza matawi ya mikahawa. Hakuacha.

"Betri ilikuwa wapi jana?" akauliza.

"Chini ya kitanda chako, baba."

"Na ufunguo?"

"Shingoni mwako."

"Kwa hiyo lori limetembea kwa maombi."

"Sijui limetembeaje. Nakuambia nilichokiona."

Akageuka akanitazama, mkasi mkononi. "Wewe ndiye uliyeniambia si rahisi mtu kuwa na betri ya pili. Si rahisi kwa nani, dereva? Kwa mkulima au kwa mtu mwenye marafiki wa gereji Moshi?"

Jioni hiyo nilipokuwa nanawa mikono nje, niliwasikia yeye na mkewe kupitia kiambaza. Alikuwa anasema ni huyu tu, nani mwingine anajua nyaya. Mama Yosefina akasema, "Prosperi anakula hapa kila siku." Naye akajibu, "Mwizi hali?" Niliingia, nikakaa, nikala. Ningefanya nini. Mtori ulikuwa wa moto na hakuna aliyenitazama.

Kutoka siku hiyo sikupumzika, wala wao hawakupumzika. Valeriani alianza kufunga uzi wa mgomba kwenye gurudumu la mbele Jumamosi jioni, na kuukagua Jumatatu. Uzi ulikutwa umefungwa, lakini siyo alivyoufunga. Ladislaus akainama, akaushika kwa vidole viwili, akasema kwa upole, "Hili ni fundo la askari." Hakunitazama alipolisema. Mimi nilimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba mtu aliyelima kahawa tu maisha yake yote analijuaje fundo la askari. Lakini ningesema nini? Huyo ndiye mwenye nusu ya lori, mimi ni dereva. Nikaanza kuwashuku wote. Nilimshuku Valeriani kwamba anajiibia mwenyewe ili amtoe shemeji yake kwenye ushirika. Nilimshuku padri msaidizi, ambaye aliwahi kuuliza bei ya lori. Usiniulize sababu. Ukishashukiwa, unapata ugonjwa huo huo. Lori lilikuwa linakwenda wapi Jumapili zile, limebeba nini, mimi sijui mpaka leo. Wako waliosema kahawa ya magendo kwenda Taveta. Wako waliosema mwanamke. Sina ushahidi, kwa hiyo siandiki zaidi.

Jumatatu ile yenyewe ilianza kama nyingine. Mama Yosefina aliteremsha betri, nikamtua, nikaiweka chini karibu na gurudumu. Ladislaus akatoka na blanketi lake. "Dereva, kuna baridi. Ingia unywe chai kwanza, betri haina miguu." Sikuwahi kualikwa ndani kabla ya kazi, chai niliipata nikimaliza, nimesimama. Nikaingia. Mkewe alinipa kikombe cha bati na kipande cha kiazi kitamu, nikakaa kwenye benchi, na Ladislaus akasema anakwenda kutazama ndama. Nilikunywa polepole kwa sababu ilikuwa na maziwa mengi. Nilipotoka betri ilikuwa pale pale. Niliona kwamba imefutwa, inang'aa, na vichwa vyake vimepakwa mafuta mapya, nikasema moyoni Valeriani ameanza kuipamba kama bibi harusi. Niliifunga. Nilipowasha, lori lilikoroma mara moja likanyamaza. Ikabidi nitumie hendeli. Hilo nalo nililiona, nikalisamehe. Kutwa nzima nilikwenda Moshi na kurudi, na betri iliyoishiwa nguvu ikichajiwa kwa safari ndefu hutoa hewa nyingi kuliko iliyoshiba. Leo namweleza kila mteja jambo hilo. Hewa ile ikikosa kitundu inakaa ndani, inabana, inatafuta ufa pembeni ya kichwa cha betri, na ikikutana na cheche, ndogo vipi, hupasuka. Nilirudi jioni, nikazima, nikainama. Mengine nimeyaeleza.

Hospitali ya wamisionari nililala wiki tatu. Mtawa mmoja aliponivua koti alikuta kifuniko kimoja cha betri kimenasa ndani ya ukosi, akaniwekea mkononi. Nilikipapasa, maana nilikuwa nimefungwa macho yote mawili, na kidole changu kikakuta kitundu cha kupumulia kimezibwa. Nilikikwangua kwa ukucha, nikanusa. Nta ya mshumaa. Mtu alikuwa ameiziba betri pumzi.

Nilipotoka wenye lori walinipeleka mbele ya mchili, yule msaidizi wa mangi anayeamua kesi ndogo za mtaa. Niliamini kifuniko kile kitaniokoa. Mchili akakizungusha kwenye vidole, akauliza ni nani anayejua mambo ya vifuniko vya betri. Ladislaus akasimama. "Mimi spana siijui kichwa wala mkia. Mikono yangu ni ya kahawa."

Nikasema, "Nilikufundisha mwenyewe, baba. Ulifunga betri nzima mbele yangu."

"Kijana ameumia kichwa," akawaambia watu. "Tumvumilie."

Mchili akauliza kama kuna mwingine anayeigusa betri. Ladislaus akainamisha kichwa, kama mtu anayeona uchungu kusema, halafu akasema, "Kuna shemeji yangu, mke wa Valeriani, yeye huibeba. Alikuwa analalamika kwamba inamwagika, inamharibia kanga. Labda aliziba kwa kutojua. Lakini dereva ndiye wa kukagua kabla ya kuifunga. Na dereva huyu Jumapili, mimi nikiwa misa ya alfajiri, alikuwa na shughuli zake nyingine na lori." Valeriani alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nilimgeukia kwa jicho lililobaki. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mkewe hakuitwa, wanawake hawakuitwa kwa mambo ya magari. Ikaamuliwa kwamba nimejiumiza kwa uzembe wangu, na kwamba safari za Jumapili zilikuwa zangu, na nisiguse tena gari la mtu yeyote Kilema. Mchili akakitia kifuniko mfukoni. Nilipopita sokoni watu walikuwa wameshanipa jina. Taa Moja. "Taa Moja, pita upande wa kushoto." "Taa Moja, polisi watakukamata jioni." Nilivumilia miezi miwili, nikateremka Moshi, nikaanza kwa kufagia gereji ambayo Valeriani alidhani ina marafiki zangu.

Sasa niseme jambo la kuniaibisha mimi. Maneno ya Ladislaus yalinikaa. Si yale ya uzembe wangu, bali yale ya nta. Miaka zaidi ya ishirini niliamini kwamba Mama Yosefina ndiye aliyeziba, kwa ajili ya kanga, na akanyamaza kunitazama nikihukumiwa. Nilikuwa nikimwona sokoni Moshi na ndizi zake nikavuka barabara. Mara moja aliniita kwa jina, nami nikajifanya sikusikia. Mwanamke aliyenishika kichwa ndani ya maji. Nilijiambia kwamba alinitumbukiza haraka vile kwa sababu alijua alichofanya. Hivyo ndivyo shuku inavyofanya kazi: inachukua wema wa mtu na kuutia kwenye hesabu yake.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kula, alinitumia mjukuu aniite jikoni. Nikaingia kwa shingo upande. Amezeeka, lakini shingo yake bado imenyooka. Alikuwa amekaa karibu na moto, na alisubiri wanawake wengine watoke na masufuria.

"Kaa," akasema. "Miaka yote hii unavuka barabara ukiniona. Kwa nini?"

Sikujua kudanganya mbele ya mjane siku ile. "Kwa sababu ya nta, Mama Yosefina."

"Nta gani?"

Nikamweleza kilichosemwa kwa mchili. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Hakulia. Akaniuliza, "Ladislaus alisema mimi?"

"Alisema labda."

"Na mume wangu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Akasukuma kuni ndani. "Mimi sikuziba kitu, Prosperi. Ningeziba, ningechomwa mabega mwaka mzima? Sikiliza. Wiki moja kabla hujaumia, Jumamosi, nilikutana na Ladislaus anapanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Yeye mwenyewe, kichwani. Umewahi kumwona mwanamume wa Kilema amejitwika majani? Nilicheka, nikamwuliza kama mkewe ni mgonjwa. Alinipita tu. Na mzigo ule ulikuwa mdogo, lakini ulimkalia shingoni vibaya. Nimebeba majani tangu nina meno ya utoto. Majani hayakandamizi hivyo."

Nilikuwa naiona: betri kuukuu iliyonunuliwa mahali, inarudishwa kutoka kuchajiwa kwa ajili ya Jumapili nyingine, imelazwa ubavu katikati ya majani ili isionekane, na kitu kinacholazwa ubavu lazima kizibwe kisimwage. Inayokaa wima juu ya ngata haihitaji nta. Nilichaji betri za watu miaka yote ile na jambo hilo halikunijia.

"Kuna jingine," akasema. "Ulipokuwa hospitali, Ladislaus alikwenda Moshi akarudi na betri, akasema ameinunua mpya kwa pesa za ushirika. Jioni nikatwikwa. Hatua ya tatu nilijua. Ilikuwa ile ile, Prosperi. Ile yangu. Chini pembeni ina pengo nililoligusa kwenye jiwe la mfongo mwezi wa kwanza, na pengo lile lilikuwa linakaa hapa." Akaweka kidole nyuma ya sikio lake la kulia. "Nimeibeba karibu mwaka. Nisiijue?"

"Iliyonipasukia ilikuwa nyingine. Aliibadilisha nikiwa ndani kwake nakunywa chai."

"Ilikuwa nyingine. Nilimwambia mume wangu usiku ule ule, yote mawili, majani na pengo."

"Akasemaje?"

"Alisema nyamaza. Alisema dada yake yuko kwenye nyumba ile, na lori ndilo linalosomesha watoto. Na wewe jicho halitarudi."

Nje walikuwa wanaimba. Nilimshika miguu, nikamwomba msamaha kwa kila barabara niliyovuka, naye akanipigapiga mgongoni kama anayemtuliza mtoto mwenye kikohozi. Akasema yeye atayarudia maneno yale mbele ya yeyote nitakayemleta.

Valeriani alikufa akijua. Huyo nimemwachia Mungu, kwa kuwa siwezi kumfikia. Lakini wewe, Ladislaus, uko hai, unasoma magazeti kwa miwani yako, na waraka huu utaletewa. Sitaki pole yako tena. Ile ya mazishini nimeirudisha. Sitaki ng'ombe, wala mbege ya kusameheana, wala padri wa kutupatanisha. Nataka uitwe na uitike. Jumapili ya pili ya mwezi ujao nitakuwa mbele ya kanisa baada ya misa ya pili, pamoja na Mama Yosefina, na watu wa mtaa wakiwa wamesimama. Useme betri ile uliipata wapi, uliiziba kwa mkono wa nani, na kwa nini uliiweka karibu na gurudumu wakati mimi nikiwa ndani kwako nimekalishwa. Useme lori lilikwenda wapi Jumapili ambazo mimi nimezibeba kama zangu. Halafu utamke jina langu lote nililobatizwa, siyo lile la sokoni, na useme kwamba mtu huyo hakuwa mwizi. Useme kwa sauti, Ladislaus, maana wengi wa walioisikia hukumu ile masikio yao sasa ni mazito, na mimi nataka wasikie kabla hawajaondoka.